Bandari Bubu: shajara ya filamu ya mlanguzi mzee na mwanawe, Tanga

18 Mei 2025. Hadithi na pesa iliyopo

Mzee Mbwana ana miaka 68. Zamani alikuwa tajiri wa magendo huku kaskazini ya Tanga, mtu ambaye akipita barazani watu walisimama. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, Mbwana alipanda dau usiku akavukia Mombasa, akamwacha mkewe na mimba. Mtoto aliyezaliwa, Sefu, alilelewa Muheza na mjomba wake. Leo ni wakala wa forodha, mtu wa nyaraka na mihuri. Filamu inaanza siku mzee anaporudi Ngamiani, hapa Tanga mjini, kifua kinambana, na mkononi ana daftari la madeni ya miaka ile. Baadhi ya majina yaliyomo sasa ni ya watu wazito mjini.

Pesa iliyopo ni Sh6,500,000: akiba yangu, akiba ya mpiga picha, na mkopo wa VICOBA ambao marejesho yake yanaanza Oktoba. Shajara hii naiandika kwa watu wa Tanga, Pangani, Mtwara au popote nje ya Dar es Salaam wanaotaka kutengeneza filamu ya uhalifu kwa fedha ya kiwango hiki. Nitaeleza kilichoharibika na kilichogharimu, maana hayo ndiyo niliyoyatafuta kwa waliotangulia nikayakosa.

Uamuzi mmoja tumeufanya kabla kamera haijatoka kwenye begi: jambazi wetu havai suti. Filamu nyingi za namna hii huku kwetu huanza na suti nyeusi, miwani ya giza, gari la kukodi na jumba la kuazima, na bajeti inaishia humo humo. Tanga haina haja ya kuazima uhalifu. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Miaka hiyo sabuni, mafuta ya kula, dawa ya meno na khanga vilikuwa vitu vya foleni, na pwani hii ina bandari bubu ambako dau linaweza kutia nanga bila kuulizwa linatoka wapi. Kabla ya hapo kuna Osale Otango, ambaye waongozaji wa Mapango ya Amboni hadi leo huwasimulia wageni jinsi alivyojificha humo miaka ya 1950 akisakwa na serikali ya kikoloni. Tajiri wa uhalifu wa hapa huvaa msuli na fulana, hunywa kahawa chungu barazani, na nguvu yake unaiona kwa jinsi watu wanavyoshusha sauti akiwapo.

1 Juni. Wazee na rekoda

Kabla ya kufunga mswada nilitaka kuusikia mwaka 1983 kwa walioushuhudia. Kila mzee niliyemwekea rekoda mbele yake alinijibu kama yuko mkutano wa hadhara: nchi ilikuwa na hali ngumu, serikali ikachukua hatua. Nilipoiacha rekoda nyumbani nikaenda jioni, nikaketi, nikaagiza kahawa na kashata kwa baraza zima, maneno yalitoka yenyewe. Walisimulia watu waliotupa bidhaa baharini na visimani, marobota ya nguo yaliyoachwa barabarani usiku ili yasikutwe uani kwa mtu, na katoni za sabuni zilizofukiwa chini ya banda la mbuzi. Mmoja alisema mali haikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba mwanawe mdogo alisimama mlangoni akimtazama anavyochimba.

Hapo ndipo mswada ulipogeuka. Ulikuwa unaelekea kwenye kisasi cha wadaiwa dhidi ya mzee. Sasa unaelekea kwenye swali moja: mtoto aliona nini, na kwa mtoto ambaye hakuona chochote kwa sababu hakuwa amezaliwa, baba atamwelezaje? Kahawa na kashata ziligharimu Sh18,000. Sijatumia fedha yenye faida zaidi kwenye mradi huu.

8 Juni. Vibali

Mswada uko Bodi ya Filamu, kwa kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha. Tuna barua ya utambulisho ya afisa utamaduni wa Jiji, na barua za serikali za mitaa tutakayopigia. Ndani ya bandari hatukuomba kuingia. Ofisi ya Sefu itakuwa chumba cha kupanga chenye makabati ya mafaili, na meli tutazipiga kwa mbali tukiwa ufukweni. Droni tumeifuta. Inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hadithi hii haina sababu ya kutazamwa kutoka juu.

14 Juni. Mistari kwenye picha

Kamera ni Sony a6400, ya mpiga picha wetu. Majaribio tuliyafanyia kwenye saluni ya kinyozi, pale Mzee Mbwana anaponyolewa huku kinyozi akisita kumgusa shingoni. Picha zilitoka na mistari myeusi inayotambaa juu hadi chini. Kamera ilikuwa imewekwa fremu 30 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/60 ya sekunde, ilhali umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa na kamera hazikuwa zikienda pamoja. Tumehamia fremu 25 na shata 1/50, na mistari imepotea kwenye taa nyingi. Mbili za bei rahisi ziliendelea kuchezacheza hata hivyo. Tumenunua balbu zetu nne, tutakuwa tukizifunga kila tunapoingia na kuzifungua tunapotoka. Ukienda kukagua mahali, nenda na kamera uwashe taa za hapo. Macho hayaoni tatizo hili.

Jambo jingine la taa: mwanga ukimpiga mzee usoni moja kwa moja, paji la uso linang'aa na macho yanazama gizani. Tunaelekeza taa kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, mwanga unamrudia kwa upole, na makunyanzi yote yanasomeka. Shuka ni la nyumbani.

19 Juni. Bastola

Fundi seremala wa Ngamiani alituchongea bastola ya mbao kwa Sh40,000, ikapakwa rangi, na kwa mita kumi huwezi kuitofautisha. Ndiyo ikawa shida. Tulikuwa Makorora jioni, kichochoroni, Sefu anaipata ndani ya sanduku la baba yake na kutoka nayo nje. Mama mmoja aliyekuwa anatoka dukani aliona kijana ana bastola, akapiga kelele, watoto wakakimbia, mtu akapiga simu. Askari wa doria walifika haraka. Tulikuwa na barua ya mtaa. Taarifa polisi hatukuwa tumepeleka, na kibali chenyewe kilikuwa kwenye begi lililobaki nyumbani. Walitusikiliza, wakakagua ile mbao, wakatuambia tufunge vitu. Jioni yote ikaenda, pamoja na chakula na nauli za watu.

Utaratibu tangu leo: barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya kabla ya siku yoyote yenye silaha ya kuigiza, nakala ya kibali mfukoni mwa mtu mmoja anayejulikana, na mjumbe wa mtaa anapita nyumba kwa nyumba mchana kuwaeleza watu. Nilimfuata yule mama asubuhi kumwomba radhi, naye alipokea vizuri.

Lakini zaidi ya utaratibu, nimeitoa bastola kwenye filamu. Nilipotazama picha chache tulizokuwa nazo niliona kwamba Sefu akiishika, anakuwa kijana yeyote mwenye bastola katika filamu yoyote. Sasa kilichomo sandukuni ni kitu kilichofungwa kwa khanga kuukuu, kizito, na mzee anapomwona mwanawe amekigusa anasema tu: "Kirudishe kilivyokuwa." Hatukifungui hadi mwisho. Ndani tumefunga jiwe la kinu.

21 Juni. Sahare bila maji

Sini ya mwisho: Sefu anamkubalia baba yake kuondoka kwa njia aliyojia. Anambeba mgongoni, maji yanamfika mapajani, anampakia kwenye dau jua likizama. Tulikodi dau na wavuvi wake kwa Sh80,000, tukafika Sahare saa 10 jioni, tukakuta bahari imekwenda zake. Dau limelalia ubavu kwenye tope, na maji yako mbali kiasi kwamba Sefu angembeba mzee hadi usiku. Hakuna tulichopiga.

Nahodha wa dau alinieleza jambo ambalo kila mtoto wa Sahare analijua. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya jioni hujaa kati ya saa 10 na 11. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa robo, saa hizo hizo ndiyo yamekupwa. Leo mwezi ni siku chache baada ya robo ya mwisho. Anayetaka bahari iliyojaa na jua linalozama kwa pamoja, ahesabu siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu: maji yanakuwa juu karibu na saa 11 na nusu, jua linazama kama saa 12 na nusu, na katikati hapo bahari inatulia kidogo kabla ya kuanza kurudi. Tumepanga 12 Julai.

29 Juni. Shikamoo

Siku hizi zote tumekuwa tukiigiza baba na mwana kukutana, na sini hiyo ilikataa.

Anayeigiza Mzee Mbwana amekuwa kwenye maigizo ya jukwaani tangu ujana wake, na ana umri wa kuwa babu wa nusu ya watu wetu. Anayeigiza Sefu ni kijana wa Chumbageni, ana kipaji, na amelelewa vizuri. Mswada unataka aingie chumbani, amkute baba aliyemtelekeza kwa miaka zaidi ya 40, na amwage hasira yote. Aliingia, akasema maneno, lakini macho yalikuwa chini, mabega yamenyenyekea, na sauti inakatika kila anapofika penye ukali. Nilimwambia apaze sauti. Akapaza, ikawa mbaya zaidi: ikawa ni mtu anayepiga kelele kwa sababu ameagizwa. Mzee naye akawa anamhurumia, uso wake ukawa laini mahali ambapo ulitakiwa kuwa mgumu. Nikajaribu kuwatenganisha, kila mmoja akala na kupumzika upande wake, nikidhani wanapendana mno. Haikusaidia.

Usiku mzee aliniita pembeni. "Mwanangu," akaniambia, "huyu kijana hawezi kunitukana mimi, na hata angekuwa ni Sefu kweli, asingetukana. Unamfundisha ugomvi wa watu wengine. Sisi tunagombanaje?"

Tulikaa tukafikiri. Mtu wa hapa akiwa na kinyongo cha miaka 40 na baba yake, anafanya nini akimwona? Anaweza kumhudumia. Anaweza kumletea maji na dawa. Kitu kimoja kinaweza kumshinda.

Asubuhi tulifuta ukurasa mzima wa maneno. Mzee ameketi kitandani, msuli umefungwa kiunoni, dele la kahawa liko kwenye stuli. Mlango unafunguka, Sefu anaingia. Anatazama chumba, anatazama daftari, anamtazama baba. Mzee anainua uso na kusubiri. Kidole gumba kinasugua ukingo wa kikombe. Anasubiri kuamkiwa, na unaona shingo yake imeinuka kidogo, imejiandaa kuitikia. Sefu anavuta kiti, anaketi. Kimya. Kisha mzee, kwa sauti ya chini, anasema: "Marahaba."

Hakuna aliyemwamkia. Kijana aliyeshika bumu, ile fimbo ndefu ya maiki, alishusha macho. Mimi nilisahau kusema kata, na kwa sababu sikusema, kamera ikaendelea, na Sefu akafanya jambo ambalo halikuandikwa: akanyoosha mkono, akammiminia baba yake kahawa, akajaza kikombe hadi juu kabisa, bila kumtazama. Yote mawili yamo kwenye filamu.

Ningependa mwenye kufuata mradi huu alichukue hili kuliko mambo yote ya kamera. Kabla ya kuandika ugomvi, jiulize watu wa mtaa wako hugombana vipi. Sini hiyo haikugharimu kitu zaidi ya chakula cha siku, na ndiyo nguzo ya filamu nzima. Kijana ameniambia hakuweza kulala usiku ule, kwa kuwa kumnyima mzee shikamoo kulimuuma kuliko matusi yote yaliyokuwa yameandikwa.

Tumefanya pia jambo dogo kwa ajili ya mzee. Mistari mirefu inamtoka. Badala ya kumsukuma akariri, namweleza kiini, yeye anasema kwa maneno yake, na kamera inabaki kwa anayesikiliza. Kwa namna hiyo nikitaka kukata na kuunga, nina pa kukatia.

13 Julai. Maji yamejaa, upepo umechukua maneno

Jana Sahare ilikuwa kama alivyosema nahodha. Dau lilikaa karibu, maji yalijaa, jua lilitupa muda wa kutosha. Kwa usalama wavuvi wawili walisimama majini nje ya fremu, kina tulikipima kwa upondo mapema, na mzee alikuwa na jaketi la kuokolea hadi dakika ya kupiga. Dau lilitugharimu Sh160,000 kwa sababu nahodha alitupa siku nzima.

Picha ni nzuri. Sauti haifai kitu. Ni majira ya kusi, na jioni upepo unavuma kutoka baharini bila kupumzika. Maiki ya kifuani tuliyomfunga mzee ilikuwa inasugua kanzu yenye wanga, na ile ya bumu ilikuwa na soksi ya sponji peke yake. Kinachosikika ni ngurumo, na ndani yake vipande vya maneno. Hatutarudi kupiga tena, maana mwezi hausubiri na mzee amechoka. Maneno yatarekodiwa upya.

Kwa sini za nje zilizobaki nimehamisha maiki. Sasa inakaa ndani ya ukingo wa kofia ya mzee, waya unashuka nyuma ya shingo na kubanwa kwa plasta ya hospitali. Haisuguani na nguo, iko karibu na mdomo, na haionekani. Kwa Sefu, ambaye havai kofia, plasta tunaikunja kitanzi na kuibandika kati ya maiki na shati.

27 Julai. Mwaka 1983 umetushinda

Mswada ulikuwa na sini ya zamani: usiku wa msako, Mbwana kijana na wenzake wanatupa shehena baharini. Nilikodi pikapu kuukuu, nikatafuta redio ya miaka ile, mitungi, magunia, katoni zilizochapwa upya, na vijana wa kubeba. Jumla Sh430,000 pamoja na posho na mafuta ya jenereta.

Kwenye skrini ndogo ya kamera ilipendeza. Kwenye kompyuta, kila upande una kitu cha leo. Ng'ambo ya maji kuna mnara wa simu wenye taa nyekundu, nyuma ya minazi kuna taa nyeupe za sola, mmoja wa vijana ana viatu ambavyo havikuwapo duniani mwaka huo, na magunia ni ya plastiki badala ya katani. Katika mkoa wa mkonge! Tulijaribu kuziba kwa giza na kwa kukata fremu kuwa nyembamba. Kilichobaki ni watu wanaohangaika gizani, huwezi kujua wanafanya nini.

Suluhisho lilikuja kwa kukumbuka wazee wa kashata. Tumeitupa sini yote. Badala yake Mzee Mbwana anasimulia usiku ule barazani, mtu mmoja, kamera moja isiyosogea, huku Sefu amempa mgongo akipanga mafaili. Anasimulia jinsi katoni zilivyokuwa hazitaki kuzama, zikielea na kurudi ufukweni na kila wimbi, nao wanaingia majini tena kuzisukuma. Maelezo hayo aliyaleta mzee mwenyewe. Ni dakika karibu tano na hakuna wa kutoka kwenye kiti.

Kwa bajeti yetu, zamani isimuliwe. Redio ile ya kale imebaki, iko chumbani kwa mzee na haifanyi kazi.

17 Agosti. Magodoro

Tumerekodi upya maneno ya ufukweni na ya mitaa miwili yenye bodaboda nyingi. Chumba ni stoo ya rafiki yangu Mikanjuni: magodoro pande tatu, blanketi dirishani, feni imezimwa, joto halisemeki. Gharama Sh380,000, nyingi ikiwa ya kukodi maiki nzuri na ya siku za waigizaji.

Kijana alitazama midomo yake kwenye skrini akaipata haraka. Mzee alishindwa. Macho hayaoni vizuri kwa karibu, na akijitazama anaacha kuigiza. Tukageuza: tukazima skrini, tukamvisha spika za masikioni, tukamchezea sauti yake mbovu ya ufukweni kipande kwa kipande, naye akakirudia papo hapo kwa mwendo ule ule. Midomo ikakubali karibu kote. Pale palipokataa tumetumia picha ya mgongo wa Sefu aliyembeba.

Halafu maneno safi yalisikika kama yametoka kabatini, maana yalitoka kabatini. Nilirudi Sahare asubuhi kurekodi mawimbi, upepo na wavuvi wanaoitana kwa mbali, tukavilaza chini ya maneno. Kila mahali mnapopiga, kabla ya kufungasha, rekodini kimya cha hapo kwa dakika mbili. Sasa tunafanya hivyo kila siku.

7 Septemba. Mkato wa kwanza

Dakika 94, ndefu mno. Zimetoka sini mbili za wadaiwa na yote ya mchumba wa Sefu, ambaye hakuwa na kazi ya kufanya. Imebaki 73. Kila kitu kiko kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwa mpiga picha, Sh190,000 kila moja.

21 Septemba. Kibanda umiza

Tulikodi kibanda cha video asubuhi, kabla ya mechi, kwa Sh60,000. Walioingia ni walioalikwa na hakuna aliyelipa, kwa kuwa filamu haijapangiwa daraja la umri wa watazamaji na Bodi. Nilitaka kuiona mahali ambapo watu wa hapa hutazama filamu kweli: feni zinapuliza, spika ni kubwa na zinavuma.

Muziki ulimeza maneno. Nyumbani kwenye spika za masikioni ulikuwa chini, hapo besi ilijaza chumba na mzee akawa anapepesa mdomo. Nimepunguza muziki karibu nusu na kukata sauti zote nzito zilizo chini ya hezi 80 kwenye maneno, na simulizi ya barazani sasa haina muziki kabisa. Pili, watu hawakuelewa kwamba mwenye duka la vifaa ni jina lililomo kwenye daftari. Waliulizana kwa sauti. Tumeongeza picha moja ya kidole cha mzee kikisimama kwenye jina, na baada yake bango la duka.

Sefu alipoketi bila kuamkia, akina mama waliokuwa mbele walisema "Eeeh!" kwa pamoja, na mmoja akamjibu jirani yake kwamba ana haki. Wakaanza kubishana. Nilitaka kuwaomba wanyamaze, nikaacha.

28 Septemba. Hesabu na yaliyobaki

Tumetumia Sh7,170,000. Tumezidi kwa Sh670,000, na kati ya hizo Sh550,000 ni vitu vitatu ambavyo havimo kwenye filamu: sini ya 1983, dau la kwanza la Sahare, na bastola. Kifungu kikubwa kuliko vyote ni chakula na usafiri, Sh1,870,000, na sioni pa kukipunguza. Watu wenye njaa hawaigizi. Waigizaji wakuu wamelipwa Sh1,500,000, mzee akiwa na sehemu kubwa, na awamu yake ya mwisho nimeipeleka jana. Kukodi lenzi, taa na rekoda kumechukua Sh950,000. Ningepanga upya leo, ningechukua pesa yote ya 1983 nikainunulia maiki na manyoya ya kuzuia upepo tangu siku ya kwanza.

Filamu imekwenda Bodi kupangiwa daraja. Tunaandaa manukuu ya Kiingereza ili tuipeleke ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar. Daraja likitoka, onyesho la kwanza litakuwa Ngamiani, jioni baada ya Isha, kwa wale wazee wa baraza walionisimulia rekoda ikiwa nyumbani. Viti naahidiwa na jirani. Projekta bado natafuta ya kukodi chini ya Sh100,000. Mwenye nayo Tanga mjini anijulishe.